Kunyanyua Prado kwa safari za porini: anza na mizani, si na spesa

Swali: Habari mtaalamu. Nina Prado TX ya mwaka 2011, petroli 2.7, viti saba. Niliagiza kutoka Japani na nimelitumia hapa Dodoma bila shida. Mwaka huu tumeamua mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tuanze kutembea: Ruaha mwezi wa saba, Ziwa Natron mwezi wa kumi na mbili, na Mungu akipenda Katavi mwakani. Fundi wangu amenipigia hesabu ya milioni 15: kunyanyua gari inchi 3 kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo juu ya springi), matairi ya matope ya inchi 33, bampa ya chuma na winchi (mashine ya kuvuta gari lililokwama), snorkeli (bomba la kupandisha mdomo wa hewa ya injini), keria ya chuma na hema la juu yake, taa za LED, na sehemu ya madumu mawili ya mafuta. Anasema bila hivyo difu itagusa chini. Mke wangu anasema gari likinyanyuliwa litapinduka. Mimi nipo katikati. Je, nifunge vyote? Na kama fedha haitoshi, nianze na nini?

Jibu: Ndugu yangu, barua yako ina hofu mbili, kukwama na kupinduka. Fundi anakuuzia dawa ya ile ya kwanza, shemeji anaiogopa ile ya pili, na kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Lakini kitu kitakachoamua safari zenu hakuna hata mmoja wenu aliyekitaja, nacho ni uzito. Nitakifikia. Tuanze na difu, maana ndiyo iliyokutisha.

Difu ya nyuma ya Prado, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imo ndani ya ekseli moja nzima inayotoka gurudumu hadi gurudumu. Ekseli imekaa kwenye magurudumu, springi zimekaa juu ya ekseli, bodi imekaa juu ya springi. Ukiweka spesa au springi ndefu, kinachopanda ni bodi na chesisi. Difu inabaki palepale. Kinachoweza kuipandisha ni tairi kubwa zaidi, na hapo inapanda kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Tairi lako la kiwandani, 265/65R17, lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Lile ambalo mafundi huliita la inchi 33, yaani 285/70R17, lina kama milimita 831. Tofauti ni milimita 55, kwa hiyo difu yako itapanda milimita 27, unene wa vidole viwili visivyo vinene. Kwa mbele ni tofauti kidogo: difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, hivyo hupanda pamoja na bodi, ila mikono ya chini, vyuma vinavyounganisha magurudumu na chesisi, inabaki imeshikwa na magurudumu.

Simaanishi kwamba kunyanyua gari hakuna faida. Faida yake ipo kwenye pembe. Ukiingia korongoni, bampa ya mbele inachelewa kugusa ukingo. Ukitoka, ya nyuma inachelewa kuburuza. Ukivuka tuta kali, tumbo la gari linapita. Njia ya Natron kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Engaresero ina makorongo ya namna hiyo, na huko utaishukuru kila sentimita. Ila sentimita nne au tano zinatosha kabisa. Inchi tatu kwa spesa ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapopingana na fundi wako moja kwa moja.

Mbele kwenye Prado, springi na shokapu ni kifurushi kimoja kilichosimama kwenye mkono wa chini, karibu na katikati ya urefu wake. Kwa sababu hiyo, spesa ya milimita 25 juu ya kifurushi hunyanyua gari kwa kama milimita 50, na ili kupata inchi tatu fundi ataweka spesa ya karibu milimita 38. Sasa angalia kinachotokea. Shokapu ya Toyota ndiyo kizuizi cha mkono huo: inapofika mwisho wa urefu wake, mkono hauwezi kushuka zaidi. Ukiweka spesa juu yake, mkono unaruhusiwa kushuka inchi tatu kupita pale ambapo wahandisi walitaka uishie. Kila gurudumu likining'inia kwenye shimo, sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, inakunjwa kwa pembe ambayo haikutengenezewa, mpira wake unasuguana na kupasuka, grisi inamwagika, vumbi linaingia. Bolijointi, kiungo kinachoshikanisha gurudumu na mkono, nayo inafika mwisho wa nafasi yake, na mkono wa juu unaweza kugonga springi yenyewe. Mjini hutaona kitu kwa miezi. Porini ndipo gurudumu huning'inia kila baada ya dakika mbili.

Kuna na suala la usukani. Magurudumu ya mbele hayageuki kwenye mhimili uliosimama wima. Mhimili huo umelala kidogo kuelekea nyuma, na kulala huko ndiko kunakofanya usukani urudi wenyewe katikati ukiuachia. Kunyanyua mbele kunaupunguza ulalo huo. Hadi karibu inchi mbili, fundi wa alaimenti, anayenyoosha magurudumu, anaweza kuurudisha kwa kurekebisha boliti za mkono wa chini. Ukizidi hapo, boliti zinafika mwisho, na gari linaanza kutangatanga barabarani: unalisahihisha kulia, linataka kushoto. Mikono ya juu iliyotengenezwa mahususi kwa gari lililonyanyuliwa hutatua hilo, lakini haipo kwenye hesabu ya milioni 15. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha.

Kwa hiyo kama ni kunyanyua, iwe milimita 40 hadi 50, na iwe kwa springi na shokapu mpya zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja. Chapa kama Old Man Emu, Bilstein na Tough Dog zina seti za gari hili. Kabla ya kuagiza, hakikisha gari lako halina KDSS, ule mfumo wa kuzuia gari kulala kwenye kona, wala springi za hewa nyuma. Kwa Prado za Japani vitu hivyo hupatikana zaidi kwenye toleo la TZ-G kuliko TX, lakini chungulia chini badala ya kuamini tangazo la muuzaji, maana seti zake ni tofauti.

Shokapu nataka nizizungumzie zaidi, kwa sababu ndizo zinazowaangusha watu wengi na hakuna anayejisifia shokapu kwenye picha. Springi hubeba gari; shokapu hutuliza mtikisiko. Inafanya hivyo kwa kusukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na nguvu yote ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Kwenye lami ya Dodoma kazi hiyo ni ndogo. Ukifika barabara ya vumbi ya Iringa kwenda Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, kama kilomita 130, yenye sehemu zilizojikunja kama bati la nyumba, shokapu inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde kwa saa kadhaa. Mafuta yanachemka, yanachanganyika na hewa, yanakuwa povu, na povu halisukumiki kama mafuta. Hapo dereva anahisi gari linaelea na sehemu ya nyuma inateleza kwenye kona bila sababu. Magari mengi yanayopinduka kwenye barabara za vumbi hayapinduki kwa sababu ni marefu. Tairi halikuwa chini wakati dereva alipolihitaji.

Ikiwa shokapu zako ni zilezile zilizotoka nazo Japani, zimechoka, hata kama hazivuji. Badilisha zote nne kabla ya Ruaha. Gharama hiyo itakuongezea usalama kuliko bampa, winchi na snorkeli kwa pamoja. Wakati huohuo fundi akague bushi za mikono, bolijointi za chini, rodi endi na mipira ya sivijointi. Gari la umri huo lililokaa mjini linaweza kuficha ubovu mwingi nyuma ya kapeti safi.

Kuhusu matairi, nakushauri usiende inchi 33. Injini yako ya 2.7 ina nguvu farasi 163, na inatosha kwa gari hilo likiwa na matairi yake. Tairi kubwa ni sawa na kubadilisha gia zote ziwe nzito: kupanda mlima Kitonga ukiwa na mzigo utaisikia injini ikilia na gari halisogei. Breki nazo zinapata kazi zaidi, na kasimita inakudanganya. Ikionyesha 80 wewe uko 85 au 86. Juu ya hayo, ukikata usukani hadi mwisho tairi litagusa bodi, na utaanza kukata plastiki na kupinda mabati. Chukua saizi ileile ya 265/65R17, au ukitaka kimo kidogo 265/70R17, ambayo inainua difu kwa milimita 13 bila fujo. Aina iwe A/T, zile za barabara zote. Matairi ya matope, M/T, ni mazuri kwenye matope tu. Kwenye lami yenye mvua hayashiki vizuri, yanapiga kelele, na wewe utatumia lami kwa sehemu kubwa ya kila safari. Zingatia pia maandishi ya ukubwa wa mzigo: 112 maana yake kila tairi linabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya namba ya tairi la kiwandani kwa sababu ya bei.

Halafu kuna upepo. Hili ni bure, na nikiambiwa nichague badiliko moja tu kwa gari lolote la porini nitachagua hili. Ukipunguza upepo, sehemu ya tairi inayogusa ardhi inakuwa ndefu zaidi, na uzito wa gari unasambaa. Kwenye mchanga, kama ule wa mito mikavu ya Ruaha, tairi linapita juu badala ya kuchimba. Kwenye barabara iliyojikunja, tairi lenyewe linakuwa springi ya kwanza na shokapu zinapumua. Kwenye lami fuata kibandiko cha mlangoni, na uongeze kidogo nyuma ukiwa umepakia. Ukiingia vumbi refu, shuka hadi PSI 25 hivi (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) na mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa. Mchanga mzito, PSI 18, mwendo wa polepole, bila kukata kona za ghafla, na usishuke chini ya 15 kwa sababu tairi linaweza kuvuka ukingo wa ringi. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kukimbia: tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo mkali hupata joto ubavuni na kupasuka. Kwa hiyo unahitaji kompresa ya volti 12 inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, siyo ile ndogo ya kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, na kipimo cha upepo unachokiamini.

Sasa uzito. Chukua kadi ya gari na utafute namba mbili, uzito wa gari tupu na uzito wa juu kabisa. Kuna jambo ambalo wengi wetu tunaonunua magari ya Japani hatulijui: kule, uzito wa juu wa gari la abiria hupatikana kwa kuchukua gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Viti saba ni kilo 385. Basi. Chesisi ya Prado ina uwezo zaidi ya hapo, na ndugu zake zilizouzwa nchi nyingine huandikiwa mzigo mkubwa zaidi, lakini zilitoka kiwandani na maandalizi ya masoko hayo. Usichukue namba yao ukaibandika kwenye gari lako.

Tuweke orodha ya fundi kwenye mizani. Watu watano, watu wazima wawili na watoto watatu, tuseme kilo 230. Bampa ya chuma na winchi, kilo 100. Keria ya chuma na hema, kilo 105. Madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa petroli, karibu 40. Maji ya kunywa na kupikia lita 40, kilo 40. Friji, jiko, gesi na chakula, 60. Vifaa na kamba, 30. Mabegi ya nguo, 40. Jumla ni kilo 645. Umezidi kwa kilo 260 kabla mtoto mmoja hajasema anataka kuja na binamu yake. Breki zako, springi zako na ekseli zako zote zitakuwa zinafanya kazi ya gari jingine.

Na hapa ndipo shemeji anapokuwa sahihi kuliko anavyojua mwenyewe. Tuseme kitovu cha uzito wa gari lako kipo sentimita 70 kutoka ardhini na gari lina kilo 2,100. Ukilinyanyua sentimita tano, kitovu kinapanda karibu kiasi hichohicho, pungufu kidogo, maana ekseli na magurudumu hayapandi. Ukiweka kilo 150 juu ya keria, mita mbili kutoka chini, kitovu kinapanda karibu sentimita tisa. Mzigo wa juu unaliyumbisha gari kuliko kule kunyanyuliwa kunakobishaniwa. Ukiviweka vyote pamoja, unaendesha gari tofauti kabisa na lile ulilozoea, na utalifahamu siku ng'ombe atakapokatiza barabara. Kitabu cha gari kinataja kikomo cha mzigo wa juu ya paa. Usishangae ukikuta namba isiyofika kilo 100, na keria yenyewe imo ndani ya namba hiyo.

Kwa hiyo nivipitie vitu vilivyobaki, vingine haraka.

Madumu ya mafuta huyahitaji. Jaza Iringa. Kwenda na kurudi Msembe ni kilomita 260 hivi, ongeza 150 za kuzunguka hifadhini. Hata ukila lita moja kwa kilomita sita utatumia lita 68, na tenki lako linabeba 87. Natron jaza Mto wa Mbu, Katavi jaza Mpanda. Petroli juu ya paa la gari lenye watoto, kwenye jua la saa nane mchana, sipendi kuiona; ndani ya gari ndiyo kabisa isiingie.

Hema la juu lina raha yake, nakubali. Lakini mko watano, na mahema mengi ya juu yanalaza wawili au watatu, kwa hiyo bado mtabeba hema la chini. Anzeni na mahema ya chini kwenye kambi zinazotambulika, au mabanda ya TANAPA pale Msembe, na paa libaki na mabegi mepesi. Kama keria ni lazima, tafuta ya alumini.

Winchi ni kifaa kizuri kinachonunuliwa na watu wasiokihitaji. Inataka kitu cha kushikilia, na kwenye mbuga tupu hakuna mti. Inakula umeme mwingi mno ikivuta kwa nguvu zake zote, hivyo betri na alternata viwe na afya. Inataka pia mtu aliyefundishwa, kwa sababu waya wa chuma ukikatika unaua. Kwa milioni chache pungufu utapata majembe mawili mazuri, vibao vya kutolea gari kwenye mchanga, kamba ya kuvutia inayonyumbuka, na vishikizo viwili vya kuvutia vilivyopimwa na kufungwa kwenye chesisi. Angalia hapa: vile vishikizo vyembamba chini ya bampa ya mbele ni vya kufungia gari lisicheze melini likitoka Japani. Si vya kuvutia gari lililozama. Vinang'oka vikiruka kama risasi. Wala usivute kwa ile gololi ya kuvutia trela, haijatengenezewa mvuto wa ghafla. Na ndani ya hifadhi, kabla hujashuka kuchimba, kumbuka Ruaha ina simba. Piga simu getini, au subiri gari jingine lipite. Hii ndiyo sababu nawaambia watu waende magari mawili. Gari la pili ndiyo winchi bora.

Bampa ya chuma, ukiiacha winchi, inabaki na kazi ya kuzuia mnyama usiku. Jibu langu ni usiendeshe usiku. Ukiamua kufunga, iwe ile iliyotengenezwa kwa Prado yenye airbag, ili vitambuzi vya mbele vifanye kazi inavyotakiwa. Ya kuchomelea mtaani inaweza kufanya airbag ichelewe kufunguka. Taa za LED zinaingia humuhumu: ukiwa huendeshi usiku, unazifungia nini?

Snorkeli inapandisha mdomo wa hewa, na faida yake kubwa kwetu ni vumbi, kwa sababu hewa ya juu ni safi kuliko ile ya karibu na tairi la gari lililokutangulia. Lakini haiigeuzi Prado kuwa boti. Toyota huiwekea Prado ya kizazi hiki kikomo cha sentimita 70 za maji, na ukiwa na snorkeli bado umeme, feni na vipumulio vya difu viko chini ya hapo. Snorkeli iliyofungwa vibaya, isiyozibwa kwenye kiungo cha sanduku la chujio, inaingiza vumbi la majivu ya Natron moja kwa moja kwenye injini. Mimi ningeiacha kwa sasa, nikabeba chujio la hewa la akiba na kulipiga upepo kila jioni.

Misimu nayo ni sehemu ya vifaa. Ruaha mwezi wa saba ni ukame, gari lako lililokaguliwa vizuri lenye matairi ya A/T linafika na kurudi. Natron mwezi wa kumi na mbili ni kipindi cha mvua za vuli. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kushusha maji jioni kutokana na mvua iliyonyesha milimani ambayo hukuiona. Maji yanayokwenda kasi, kama huwezi kuyavuka kwa miguu, usiyavuke kwa gari, subiri yapungue. Katavi nenda kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaza kashata zote za tairi, na hapo hata M/T inageuka kuwa tairi kipara. Halafu sheria, kwa kuwa umeandika "porini": ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kuacha barabara. Gari unalolitengeneza ni la barabara mbaya.

Ukiniuliza mpangilio wa fedha yako, huu ndio wangu. Kabla ya Ruaha: ukaguzi kamili wa chini, shokapu nne, matairi matano ya A/T (tairi la spea ni la tano, usilisahau), kompresa, majembe, vibao, kamba na vishikizo. Hapo hujanyanyua chochote. Nendeni, rudini, na uandike mlichotumia na mlichobeba bure, utashangaa. Kabla ya Natron, ukiona tumbo la gari liligusa, ndipo ufunge seti ya milimita 40 hadi 50 na springi zilizochaguliwa kwa mzigo wako halisi. Hasara ya mpangilio huu ni kwamba unaweza kununua shokapu mara mbili. Kama tayari una uhakika utanyanyua, nunua seti nzima sasa, lakini usimruhusu muuzaji akupe springi za "mzigo mzito" kwa sababu tu zinasimamisha gari vizuri. Springi ngumu chini ya gari jepesi haibonyei. Inarusha magurudumu hewani na watoto kichwani.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ukisikia mlio wa kugonga mbele kwenye mashimo, usukani ukitetema kwenye mwendo wa 80, gari likivutwa upande ukishika breki, tairi likiliwa upande mmoja, au ukiona grisi imerushwa ndani ya ringi, usisafiri. Nenda kwa fundi wa mwendo, yaani wa springi, shokapu na usukani, siyo fundi wa kila kitu, akalinyanyue gari mbele yako. Arusha mafundi wa magari ya watalii wamezoea kazi hii; Dar pia wapo. Atakayekufungia seti muulize maswali mawili. La kwanza: boliti za mikono atazikaza gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake? Akizikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi zinakaa zimejipinda na kupasuka mapema. La pili: atakupa karatasi ya alaimenti yenye namba za kabla na baada? Baada ya kilomita 500 rudi azikague boliti zote tena. Na kampuni yako ya bima uijulishe kwa maandishi kuhusu mabadiliko, kabla ya safari.

Kabla ya yote hayo, fanya kitu kimoja wiki hii. Pakia gari kama mnakwenda Ruaha kesho, familia nzima ndani, tenki limejaa, na uende kwenye mizani ya ghala la nafaka. Omba wakupimie ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Watakucheka kidogo, walipe tu. Nitumie namba hizo mbili pamoja na zile za kwenye kadi, nami nitakuambia springi gani, kama zinahitajika.